Jina Aliloliruka Koko Masika

Redio ya hapa Butembo husoma matangazo ya vifo asubuhi, na tangu nipite miaka hamsini nayasikiliza kwa makini kuliko ninavyosikiliza mahubiri. Mwezi uliopita nilikuwa uani natwanga sombe, majani ya muhogo, nikamsikia msomaji akitangaza kwamba Kambale, seremala wa Beni, mwana wa marehemu Mama Masika wa Kalunguta, ametutoka, na kwamba msiba umewafika ndugu zake Paluku, Kasereka wa Kamango, na Kakule. Nikaacha mchi ndani ya kinu. Kwa asiyetujua sisi Wanande, ni lazima nieleze: kwetu mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na hivyo hivyo hadi tumbo lichoke. Kwa hiyo mama mwenye Kambale na Kakule lazima awe alizaa Kasereka katikati, hakuna ubishi. Nililijua hilo mwaka ule nilipomtunza Mama Masika. Nililijua kupita kiasi. Nisichokijua ni kwamba Kasereka huyo alikuwa hai, na kwamba bado yu hai hadi leo, kule mpakani, mwendo wa siku moja kutoka kwenye kinu changu. Sombe ile sikuimaliza. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na nikaona haya, peke yangu, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

Mwaka wenyewe ni wa vita ya pili, wakati mji wetu ulikuwa chini ya waasi, na askari wa nchi jirani walipita barabarani kana kwamba barabara ni ya baba yao. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, muuguzi mwenye diploma, na kituo cha afya nilichofanyia kazi kilikuwa kimeporwa hadi vitasa vya milango. Watawa wakanichukua kwenye nyumba yao ya wazee, kilimani upande wa Kimemi. Zamani ilikuwa ghala la kahawa, na mvua iliponyesha kuta bado zilitoa harufu ya kahawa mbichi, wazee wakaanza kuulizana nani anakaanga. Kulikuwa na chumba cha mbele, chenye vitanda kumi na viwili na mlango unaotoka moja kwa moja bustanini, na chumba cha nyuma, chenye vitanda sita na madirisha ya juu ambayo mtu aliyelala hakuona kitu isipokuwa mbingu. Katikati palikuwa na jiko, na kuta zake hazikufika darini, kwa hiyo kila neno lililosemwa kwenye sufuria lilisikika vyumba vyote viwili. Mbele walikaa wanaojiweza. Kila mmoja wao alikuwa na tuta lake la kabichi au maharagi, na jembe lake alilolitia alama ili lisichanganywe na la mwenzake. Nyuma walikaa wasiojiweza. Anayehamishwa kwenda nyuma alirudisha jembe stoo. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini wazee waliijua kuliko amri kumi za Mungu.

Mama Masika alifika kwetu mwanzoni mwa mwaka, na sote tukamwita Koko, kama tunavyowaita bibi na babu zetu wote. Alikuwa mdogo wa umbo, mkavu, mwenye mdomo wa kuchokoza watu. Alikuwa ametembea kutoka Kalunguta hadi Butembo, kwa sababu vijijini kwao risasi zilikuwa zimefika mlangoni, na jambo alilolitaka lilikuwa moja tu. Alinieleza siku ya kwanza, nikimpima presha. "Mi sikuya huku kufa, infirmière. Barabara ikifunguka, nitarudi kwangu na miguu yangu hii hii. Donc usinilishe sana, nitakuwa muzito." Jembe lake alilifunga kitambaa cha kitenge chekundu kwenye mpini. Kila asubuhi alikwenda bombani na kibidoni cha lita tano, akarudi nacho kichwani bila kukishika, akipita makusudi mbele ya dirisha langu ili nimwone. Nilimpenda. Naliandika hili mapema, maana yanayofuata yanaweza kumfanya msomaji adhani sikumpenda.

Unga wa bukari, ndio ugali wetu, mafuta na mablanketi yalitufikia kwa orodha, na orodha hiyo ilihitaji fiche, yaani fomu, ya kila mzee, ijazwe kila baada ya miezi mitatu. Aliyezileta alikuwa Monsieur Ilunga, mfanyakazi wa serikali kutoka Kasai, aliyekwamishwa kwetu na vita bila mshahara na bila njia ya kurudi kwake. Alikuwa mtu mpole mwenye suti moja. Fiche ziliandikwa kwa Kifaransa na mtu ambaye, nina hakika, hajawahi kuishi na mzee. Je, anainuka kitini bila kushikwa? Anakwenda bombani na kurudi? Anajivalisha? Anaijua siku ya leo? Na la mwisho, la kupima kumbukumbu: ataje majina ya watoto wake. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya kuandika mtoto wa kuitwa mzee akizidiwa, kazi yake na mahali anapokaa. Nakala moja ilibaki kwetu, ya pili ilikwenda na Monsieur Ilunga hadi bureau, ofisi yake ambayo sasa ilikuwa chini ya waasi.

Swali la watoto lilimfurahisha sana Monsieur Ilunga. Kila mzee alijibu bila kusita. Hata Mzee Mbusa, aliyekuwa akivaa shati miguuni na kuwaamkia mbuzi kwa heshima, alisimama wima akataja: "Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo!" Monsieur Ilunga akapiga makofi. "Mademoiselle Kahindo, bazee ya huku beko na mémoire kunipita miye!" Nikacheka hadi machozi yakanitoka, kwa sababu Mzee Mbusa hakuwa na mtoto wa kiume hata mmoja; alikuwa na mabinti wawili, na Jumapili walikuja kumnyoa. "Hiyo haiko mémoire, Monsieur," nikamwambia. "Ni zamu tu. Hata mutu ya wazimu anaijua. Mais mutu akiruka jina moja, pale njo uandike. Akiruka, ujue akili imeanza kuenda." Akaniangalia kwa heshima, akatoa kalamu, akaandika maneno yangu pembeni ya karatasi. Basi ikawa kanuni ya nyumba: mzee akiruka jina mara mbili mfululizo, ahamie nyuma, asije akapotea njiani kwenda bombani na kukutana na askari. Ilikuwa kanuni yangu. Nilijivuna nayo. Nilijiona nimewazidi akili wale walioandika fiche, na kwa kweli nilikuwa nimewazidi.

Koko Masika alipoulizwa mara ya kwanza, alisema, "Paluku, Kambale, Kakule." Nikainua kichwa. "Na Kasereka, Koko?" "Hapana iko Kasereka." Nikaandika, lakini kwa penseli. Baada ya miezi mitatu nikamuuliza tena, na wakati huo Monsieur Ilunga alikuwa amekaa kando yangu na faili lake gotini. "Paluku, Kambale, Kakule." Nikainama nikamshika mkono, nikasema kwa sauti ya kubembeleza, ile tunayowasemea wazee kana kwamba ni viziwi wote, "Koko, umesahau mutoto moja. Kasereka alikufa?" Hapo aliunyofoa mkono wake. "Mi nilisema amekufa? Nani amesema amekufa? Usiite kifo kwa nyumba ya mutu!" Nikasema, "Basi yuko?" Akanitazama, kisha akamtazama Monsieur Ilunga na lile faili, akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto mzito, "Mi niko na batoto batatu. Andika batatu." Miaka yote hii nimeyageuza maneno hayo kichwani. Mama hawezi kusema mwanawe aliye hai amekufa. Kwetu huko ni kumwita kaburini. Kumtaja hakutaka. Kwa hiyo lilibaki neno moja tu la kusema, akalisema, na alinipa nafasi ya kutosha kulielewa. Nami, mwenye diploma, nikafuta penseli nikaandika kwa wino.

Jioni moja ya siku zile, kabla hatujamhamisha, nilikuwa nagawa dawa chumba cha mbele nikamsikia jikoni akibambua maharagi na mpishi wetu, Mama Kavugho. "Ile karatasi ya Monsieur inaendaka wapi?" "Kwa bureau, Koko." "Na kwa bureau, nani anaisomaka?" Mama Kavugho akacheka. "Mi nitajua wapi? Bureau ni bureau." Maharagi yakaendelea kuangukia sufuriani. "Hm," akasema Koko. "Ni karatasi ya kuuliza batoto. Haiulizi ninakulaka nini." Nilisikia kila neno. Na unajua nilifanya nini? Nilikwenda nikaongeza kwenye fiche yake: anaanza kuwashuku watu.

Tulimhamisha siku ya Jumatatu. Hakupigana. Aliukunja mkeka wake mwenyewe, akalileta jembe hadi stoo, akanikabidhi kwa mikono miwili kama inavyotakiwa kumpa mtu kitu. "Utanirudishia lini?" "Ukipata nafuu, Koko." "Nafuu ya nini?" Nikasema wasingya, asante, kana kwamba amenipa zawadi. Chumba cha nyuma hakikuwa kibaya kwa usafi. Watawa walikisugua kila siku. Ubaya wake ulikuwa kwamba hakuna aliyeruhusiwa kuinuka bila kushikwa, na washikaji walikuwa wawili tu, wenye kazi za kufua na kulisha, kwa hiyo hakuna aliyeinuka. Wiki za kwanza alitambaa na ukuta hadi chini ya dirisha, akasikiliza majembe ya wenzake. Wakamrudisha kitandani wakimgombeza kwa upendo: "Koko, utaanguka!" Kila asubuhi aliuliza, "Jembe yangu iko wapi?" Baada ya mwezi na nusu akaacha kuuliza. Vifundo vilivimba, mapaja yakanywea, na siku nilipomshika ili asimame, miguu ile iliyomleta kutoka Kalunguta ilitetemeka ikakataa. Halafu na akili ikafuata miguu. Alianza kuniita Kanyere, jina la dada yake. Vidole vyake vilibambua maharagi yasiyokuwepo juu ya blanketi, mchana kutwa, na alimwomba kila apitaye amletee ungo.

Siku hizi goti langu la kushoto halikunji vizuri, na mke wa mwanangu hunifichia panga nisiende shambani peke yangu. Ananipenda, najua. Mara ya mwisho nilimfokea hadi majirani wakatoka nje. Hakuelewa kosa lake, masikini, na mimi sikuweza kumweleza kwamba niliyekuwa nikimfokea si yeye.

Fiche ya tatu ilipofika, nilimuuliza Koko Masika kwa kutimiza wajibu tu. Alikuwa ameketi amewekewa mto, uji wa buyi ukikauka kidevuni. "Koko, batoto yako ni banani?" Akatabasamu tabasamu pana, la mtu aliyefikiwa na wageni. "Paluku. Kambale. Kasereka. Kakule." Nilidhani nimesikia vibaya. "Rudia, Koko." Akarudia, wote wanne, na kwa Kasereka akaongeza, "Ule wa ndevu. Muambie akuye kula, bukari inapoa." Nilikimbia hadi jikoni, nakumbuka hata kiatu kilinivuka. Mtawa mkuu alikuja mwenyewe, akamtia sukari kwenye buyi, na sukari mwaka ule ilikuwa ya kufungiwa kabatini. Nikaandika kwa herufi nzuri: mémoire imerudi, ametaja wote wanne. Na tangu hapo aliwataja kila asubuhi, nami nikamwitikia kama kwenye litania. Usilolijua ni usiku wa giza, walisema wazee, na mimi gizani humo nilikuwa nacheza. Maana sasa ndipo alipokuwa amesahau. Alikuwa amesahau kwamba kuna vita.

Alifariki wiki chache baadaye, akiwa mwepesi kiasi kwamba niliweza kumwinua peke yangu. Mazishini alikuja Paluku, mkubwa wao. Nilimuuliza kwa nini Kambale hakuja, wakati Beni si mbali na ndiye tuliyemwandika kwamba aitwe. Akasema, "Kambale eko na muguu mubaya," akaangalia pembeni. Sikuuliza zaidi. Nilidhani ni mguu tu. Mwaka haukuisha nikaondoka kwenye nyumba ile, nikaolewa, nikafanya kazi nyingine, na nilipoulizwa kuhusu vita nilisimulia mambo ya askari, kama watu wote.

Basi baada ya redio ile nilipanda gari kwenda Beni. Matanga yalikuwa kwenye karakana ya marehemu, chini ya turubai, mbao zake zikiwa bado zimeegemea ukuta na fimbo yake ya kutembelea imetundikwa msumarini. Wakaniketisha na wazee, wakanipa bukari na maharagi, na Paluku, aliye kipofu karibu kabisa sasa, akawa anawasimulia vijana maisha ya mdogo wake. Nilikuwa nimeinua tonge alipofika kwenye mguu. "Kasereka alikuwa porini na bale vijana banapiganaka na basoda. Basoda banamutafuta, mais Kalunguta kila nyumba iko na Kasereka, banajua tu kama eko na ndugu wa kazi ya mbao. Siku moja banakuya hapa na karatasi. Banasoma: Mama Masika wa Kalunguta, batoto bane, na Kasereka ndani; wa kuitwa ni Kambale, seremala, Beni. Banamuuliza Kambale, Kasereka eko wapi? Kambale anasema sijui. Banamuvunja muguu pale pale kwa meza ya kazi." Kijana mmoja akauliza nani aliwapa ile karatasi. Paluku akasema hawakujua kamwe. Nililirudisha tonge kwenye sahani. Uongo wa Koko Masika ungetosha kabisa kwa askari wale, wageni wasiojua zamu ya majina yetu. Haukutosha kwangu mimi tu, mtu wa kwao.

Ningeweza kuaga. Nilikuwa nimekwisha kusimama, nikitafuta kitambaa changu, aliponijia mwanamume mrefu mwenye ndevu nyeupe, kofia mkononi. Sikuhitaji kuambiwa. "Mama, banasema weye ulichungaka mama yetu kule Butembo." Nikasema ndiyo. Akavuta benchi, akaketi karibu, akashusha sauti ili wengine wasisikie. "Siku tuliachana, alinisindikiza mpaka mwisho wa shamba. Akaniambia: Kasereka, kuanzia leo mi niko na batoto batatu. Usikasirike. Vita ikiisha nitakuhesabu tena." Akaizungusha kofia. "Mi niko muzee sasa, niko na bajukuu. Mais kuna kitu inaniuma. Nilivuka mupaka, sikumuzika. Sijui kama alinihesabu tena, ao alikufa na batatu. Weye ulikuwa pale. Ulimusikia?"

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu mimi alikuwa ameota ndevu na alikuwa ameketi mbele yangu akisubiri jibu. Niliona mara moja njia zote mbili. Nikisema hapana, nitatoka pale salama, na yeye atakufa na ile shaka. Nikisema ndiyo, swali la pili litakuja. Nilimtazama macho, ambayo yalikuwa ya mama yake yule wa kibidoni kichwani, na nikashindwa kumwibia mara ya pili.

"Alikuhesabu," nikasema. "Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule. Kila asubuhi. Na alisema uitwe, ukuye kula, bukari inapoa."

Alicheka na kulia kwa pamoja, akajifuta na ile kofia. "Alisema vile? Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi. Mi niliandika."

"Uliandika! Aksanti, mama." Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Na ile karatasi, iko wapi? Ningependa kuiona. Ilienda wapi?"

"Kwa bureau," nikasema.

Hakuuachia mkono wangu. Bado alikuwa anatabasamu kwa lile jibu la kwanza, na hili la pili lilikuwa halijamfikia. Nikasubiri limfikie.